Siku Niliyokataa Kutoka Ukumbini

Gongoni, Tabora
Baada ya adhuhuri

Mwanangu Mwamvua,

Salamu sikuandikii. Umeniamkia asubuhi, nimekuitikia marahaba, na uji tumekunywa mkeka mmoja. Hali yangu unaiona. Naingia kwenye neno.

Usishangae baba yako kuandika kurasa nyingi hivi. Katika kisomo cha watu wazima hapa Gongoni mimi nilikuwa wa kwanza, na niliowaacha nyuma walikuwa bado na ndevu nyeusi. Mwalimu alisema herufi zangu kubwa kama milango. Nikamwambia, mwalimu, mimi ni seremala, ulitaka niandike madirisha? Naandika mchana kwa sababu kwa taa macho yangu hayasaidii tena, na karakana nimeifunga ili watu wasije kuniuliza viti vyao.

Mambo ya sanduku, ya maji ya kuchemsha, ya nani wa kumwamini na nani wa kumkimbia, mama yako mdogo Sada amekuambia yote mpaka umechoka. Sitarudia. Mimi nina jambo moja, na juma zima nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku barua yako ya kazi ilipokuja uliisoma kwa sauti pale barazani, majirani wakasimama. Karani na mpiga chapa katika ofisi ya Bunge, kwenye kamati ya mambo ya jamii na usawa wa wanawake na wanaume. Nilijigamba siku ile mpaka muuza kahawa akaniomba nimpishe apite na birika lake. Halafu ukasoma mstari wa chini, kwamba kazi yako ya kwanza ni kupanga majalada ya zamani, maoni ya wananchi yaliyokusanywa mikoani wakati ule wa sheria ya ndoa. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikaendelea kunywa.

Katika majalada hayo, mwanangu, mimi nimo. Mama yako Nyamizi naye yumo. Utafungua karatasi za Tabora utukute. Nataka unisikie mimi kabla hujazisoma, kwa sababu karatasi zile zimeandikwa vizuri kuliko mambo yalivyokuwa.

Wewe ulikuwa unasoma darasa la pili. Serikali ilikuwa imetoa mapendekezo ya sheria mpya, sheria moja ya ndoa kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa yule anayetambikia mizimu yake. Kabla mapendekezo hayajapelekwa Bungeni, wabunge kadhaa waliundiwa kamati wazunguke mikoani wasikilize watu. Ikaja zamu ya Tabora. Watu wa chama wakaona aibu, maana ukumbi wetu ulikuwa na vimeza vya kuandikia kadi tu, huwezi kumkalisha mheshimiwa hapo magoti yakamfika kidevuni. Wakaja kwangu. Wangekwenda kwa nani? Nikachonga meza moja ndefu ya mninga, watu wanane wakae bila kugusana viwiko, siku nane, bila msumari hata mmoja. Meza ile ipo mpaka leo. Nenda kaitikise, halafu nenda kazitikise za mafundi wengine.

Basi kwa sababu ya meza, na kwa sababu nilikuwa balozi wa nyumba kumi, nilikaa ndani siku zote kamati ilipokaa. Kwa hiyo kazi unayokwenda kuifanya mimi niliiona kwa macho, na wakubwa wengi wa mji huu hawakuiona.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mpole, sauti ya chini mpaka nzi walikuwa wanasikika. Alikaa katikati. Kulia kwake karani, mtu mzima mwenye mvi, na kalamu mbili, moja ya akiba. Wajumbe wengine walikuwa sita, wanaume watano na mwanamke mmoja, mama aliyepata kuwa mwalimu, mwenye miwani. Shahidi anaitwa, anakaa kwenye kiti peke yake mbele ya meza. Mwenyekiti anasoma pendekezo. Shahidi anasema. Mjumbe akitaka kumuuliza hamrukii tu, lazima aseme, "Ndugu Mwenyekiti, kupitia kwako." Hata kama shahidi yuko karibu naye kuliko mwenyekiti. Nilipenda sana jambo lile. Nyumbani nilijaribu, nikamwambia mama yako kwamba watoto wakitaka kitu waseme kupitia kwake. Akasema, "Kwani sasa hivi wanasema kupitia kwa nani?"

Siku ya pili asubuhi walichelewa kuanza. Nikafikiri wamegombana. Kumbe wajumbe wawili walikuwa wameletewa asali mbichi na wenyeji, wakaila kwa bakuli kama uji, na matumbo ya pwani hayajui asali ya Tabora. Bila wao idadi haitoshi kuendesha kikao. Wanaiita akidi. Tukakaa saa nzima tukingoja matumbo mawili. Ndipo nikajua kwamba katika kamati hata aliye chooni ana uzito.

Lakini nililotaka kukuambia ni hili la mwenyekiti. Shahidi akimaliza kusema, mwenyekiti anarudia. Anasema, "Kwa hiyo ndugu shahidi unasema kwamba..." na hapo ndipo karani anapoinamisha kalamu. Haandiki alichosema shahidi. Anaandika alichosema mwenyekiti kwamba shahidi amesema. Siku ile ya kwanza alikuja mzee mmoja wa mashamba ya Uyui, amevaa koti juu ya shuka, kuzungumzia lile pendekezo kwamba mume asioe mke wa pili mpaka wa kwanza aridhie.

Mzee akasema, "Mimi nikimuuliza mke wangu, leo atasema ndiyo. Kesho ugali chumvi tupu. Kesho kutwa chumvi. Nitakufa na chumvi."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akasubiri, akasema, "Kwa hiyo shahidi anasema kwamba sharti la ridhaa linaweza kuleta mfarakano katika familia."

Karani akaandika.

Mzee akasema, "Mimi sikusema hivyo. Nimesema chumvi."

"Tumekuelewa, mzee wangu."

"Mmeandika chumvi?"

"Tumeandika maana yake."

"Maana yake ni chumvi," mzee akasema, akaondoka huku akinung'unika Kinyamwezi. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikasema moyoni, angalia watu walivyosoma, neno linaingia na matope linatoka limevaa viatu. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Sasa nisikilize vizuri, mama.

Yule mjumbe mwanamke aliwaomba wenzake mchana mmoja wa kuwasikiliza wanawake peke yao, bila waume wala baba wala kaka. Wakakubali. Mabalozi tukaambiwa kila mmoja alete wanawake kutoka nyumba zake. Mimi nikaleta wengi kuliko wote, kumi na wawili, mtaa mzima walipita kwa mstari wakiwa na kanga mpya. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwapitia nyumba kwa nyumba. Sikuwatisha. Niliwaambia tu kwamba wageni ni wakubwa, tusitoe aibu za ndani nje, anayetaka kusema aseme kwa adabu. Muuza vitumbua mmoja, Bi Kibibi, unamkumbuka, ulimi wake kama wembe, aliniuliza, "Balozi, adabu ni kusema au kunyamaza?" Nikamwambia mwenye akili anajua.

Mama yako sikumpitia. Yeye alikuwa wangu.

Na hapa nitakuambia jambo ambalo ungeambiwa na watu wengine kama watu wengine wangethubutu. Wakati ule mimi nilikuwa nimeshapeleka posa kwa kina Sada. Siku ilikuwa imeshapangwa. Mama yako sikuwa nimemwambia. Si kwamba niliogopa, mimi siogopi mtu, nilisema nitamwambia mambo yakishatulia. Lakini mji huu wetu unaujua. Alikuwa ameshasikia kisimani. Akanyamaza, akanunua kanga nyekundu, na alipotajwa mchana wa wanawake akaniambia, "Na mimi nitakwenda." Nikasema nenda. Niliona fahari, mke wa balozi asikose.

Mchana ule wanaume wakatolewa. Wakatoka masheikh, akatoka padri, wakatoka mabalozi wenzangu. Mimi nikabaki nimekaa kwenye benchi la pembeni, karibu na mlango.

Mwenyekiti akasema kwa upole wake, "Ndugu balozi, tunakuomba utupishe."

Nikasema, "Mimi hapa si mwanamume, Ndugu Mwenyekiti. Mimi ni balozi. Hawa ni watu wangu, nimewaleta, nitawarudisha."

Mjumbe mwanamke akasema, "Ndugu Mwenyekiti, kupitia kwako, tulikubaliana akina mama wawe peke yao."

Nikasema, "Kama ni wanaume watoke, hawa saba waliokaa kwenye meza watakwenda wapi? Mbona naona ndevu?"

Wakacheka. Hata wanawake walicheka. Nilipoona nimewachekesha nikaongeza, "Na meza ni yangu. Haijazoea kuachwa na wageni."

"Meza tutakutunzia," yule mama akasema. Yeye hakucheka.

Mwenyekiti akainama kwa wenzake upande huu, akainama upande ule. Wakanong'ona. Halafu akasema kamati ni mgeni katika ukumbi wa chama na haina amri ya kumtoa kiongozi wa hapo, na kwamba anaamini ndugu balozi atakaa kimya. Nikasema nitakaa kimya kama gogo. Nikakaa kimya kweli. Katika maisha yangu sijawahi kunyamaza vizuri kama siku ile.

Mwenyekiti akasoma pendekezo la ridhaa ya mke wa kwanza. Akauliza nani ana maoni. Kimya. Akasoma tena pole pole. Kimya. Akamtazama Bi Kibibi, aliyekuwa mbele.

"Mama, wewe?"

"Sisi tumekuja kuwasalimia," Bi Kibibi akasema.

"Mmetusalimia, ahsanteni. Na kuhusu sheria?"

"Salamu tu, baba."

Yule mjumbe mwanamke akavua miwani. Akasema, kupitia kwa mwenyekiti, angependa kumsikia mama aliyevaa kanga nyekundu. Mama yako akasimama. Alikuwa na neno, Mwamvua. Mimi nimeishi na yule mwanamke, najua akiwa na neno shingo yake inakuwaje. Akatazama meza, hakunitazama mimi. Akasema, "Mwenye kusema yupo." Akakaa.

Mwenyekiti akasema, "Kwa hiyo mama anasema kwamba mumewe atasema kwa niaba yake."

Kalamu ikaenda.

Mjumbe mwanamke akasema, "Ndugu Mwenyekiti, sidhani kama ndivyo alivyosema."

"Mama, nimekosea?"

Mama yako hakujibu. Mwenyekiti akangoja kidogo, kwa haki ya Mungu alingoja, halafu akasema, "Basi." Katika kamati asiyepinga amekubali. Na katika nyumba zetu tunamwuliza mwali kama ameridhia ndoa, akinyamaza tunapiga vigelegele. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Kisha akanigeukia mimi. Mimi niliyeahidi kuwa gogo. Akasema kwa kuwa mama ameniachia, kama ninalo neno niseme. Nikasimama, nikarekebisha koti. Nikasema sheria haina haja ya kumlazimisha mtu kuomba ridhaa, kwa sababu mume mwenye kuheshimiwa anaipata bila sheria. Nikasema mfano ni mimi. Mwezi ujao naoa mke wa pili, na mke wangu wa kwanza huyo hapo ameridhia, muulizeni.

Hawakumuuliza tena. Hakukuwa na haja.

Hivyo ndivyo mama yako alivyoambiwa na mimi kwa mara ya kwanza. Mbele ya wabunge saba na wanawake kumi na mmoja wa mtaani kwake.

Tuliporudi nyumbani alipika. Nikala. Nilionja nikimkumbuka yule mzee wa Uyui, lakini chumvi ilikuwa sawasawa. Wewe ulikuwa unaimba jedwali la mara tatu. Alikusikiliza mpaka mwisho, akakusahihisha mahali pamoja, ingawa yeye shule hakwenda.

Siku ya kufunga karani alitusomea muhtasari, ndiyo maana najua. Utakapofungua jalada utakuta imeandikwa kwamba wanawake wa Tabora mjini walisikilizwa faraghani na hawakuwa na pingamizi na mila ilivyo. Faraghani. Mimi sikuandikwa. Utakuta majina ya wajumbe waliohudhuria, jina la karani, mpaka jina la aliyeleta chai, lakini mtu aliyekaa benchi la pembeni hayumo. Halafu ukurasa mwingine utakuta balozi mmoja alithibitisha kwamba mkewe ameridhia. Ukizisoma karatasi mbili zile ukiwa Dar es Salaam, huujui ukumbi, utasema wanawake wa Tabora ni watulivu na waume zao ni wakweli.

Yule mjumbe mwanamke alifanya jambo moja. Kamati ilipofunga, aliomba iandikwe kwamba yeye hakubaliani na muhtasari wa mchana ule. Mwenyekiti hakukataa, akasema maoni ya wachache yanawekwa mwisho. Nilikuwa nafungua meza, nimeshika mguu wake mmoja, nikasikia. Nikasema moyoni, mama huyu mkaidi. Kwa hiyo ukipewa jalada, mwanangu, anza nyuma. Wakubwa wanasoma mbele kwa sababu wana haraka.

Na ukiwa wewe ndiye karani, wala mimi si wa kukufundisha hati mkato uliyofundishwa na walimu, lakini andika nani alikuwa amekaa. Andika na aliyesimama mlangoni. Shahidi akisema chumvi, andika chumvi, halafu mwenyekiti afanye maana zake chini yake. Wakikuambia unapoteza karatasi, waambie baba yako anachonga meza, karatasi zitaenea.

Sasa yaliyobaki ni mafupi, na ndiyo yaliyonichosha kuandika.

Sada alikuja. Si mwanamke mbaya, amekulea na huna deni naye la maneno. Mama yako alikaa nasi mwaka na miezi. Hakugombana na mtu. Siku niliyokwenda kupeleka madawati kwenye kijiji kipya, alimkabidhi Sada funguo, akapanda garimoshi kwenda kwao Kigwa. Niliporudi nikauliza, "Nyamizi yuko wapi?" Sada akasema, "Amekwenda kwao." Nikasema lete maji ya kuoga.

Unajua desturi. Mke akienda kwao, mume anatuma wazee wakamuulize, na wazee wanarudi naye au wanarudi na sababu. Mimi sikutuma. Nilisema balozi hafuati mtu, atachoka atarudi. Wazee wenyewe walikuja kuniomba niwatume, nikawapa kahawa. Talaka sikumpa, kumfuata sikumfuata. Nikamwacha hivyo kama ubao ulioegemezwa ukutani, miaka inapita, watu wanaweka vitu vyao mbele yake.

Na wewe ulikuwa unauliza. Kila likizo ulikuwa unauliza. Nikakuambia, "Mama yako amependa shamba kuliko nyumba hii." Neno lile nililisema mara moja tu lakini lilitosha. Uliacha kuuliza. Halafu ukaacha kwenda Kigwa. Likizo zote za sekondari ulikuwa unakaa hapa unanisomea gazeti, na mimi nilikuwa nawaambia watu, mnaona, mtoto ni wa baba.

Mama yako hakupenda shamba, Mwamvua. Anaumwa mgongo tangu alipokuzaa wewe. Alikwenda kwa sababu nilimsemea. Nami nilikusemea na wewe, nikakuambia moyo wa mama yako ukoje bila kumuuliza mwenyewe.

Nilifikiri nikifika hapa nitalia. Nimesimamisha kalamu, nimengoja. Hakuna. Nimekwenda nje nikanywa maji, nimerudi. Labda imeshakuwa zamani mno, au labda mimi ndivyo nilivyo. Nakuandikia kama ilivyo.

Juma lililopita niliposema nakwenda kutazama mbao, nilikwenda Kigwa. Babu yangu, ambaye alikuwa kirangozi, mtu wa mbele kabisa katika misafara ya pembe, aliyekwenda pwani kwa miguu na kurudi mara nyingi kuliko vidole vyangu, alikuwa akitusimulia kwamba Kigwa ndipo walipokuwa wakioga na kuvaa nguo nzuri ili waingie Tabora wakionekana. Mimi nilivaa koti langu hapa nyumbani nikaenda nalo huko. Siku hizi nyumba zao wamezipanga kwa mstari, kijiji cha ujamaa, nikapotea mara mbili. Mjomba wako Maganga akanipokea. "Mwangaluka, shemeji," akasema, kama kwamba nilikuja jana.

Mama yako alikuwa ndani anamenya karanga. Amekonda, lakini mikono ni ile ile. Nilimwamkia, akaitika. Nikamwambia, "Mtoto amepata kazi Bungeni. Atapanga majalada ya kamati ile. Ataona karatasi." Akaendelea kumenya. Nikasema, "Nimekuja kukuuliza. Siku ile ungesema nini?"

Akasema, "Toka nje kwanza."

Nikasema, "Tuko wawili tu, Nyamizi."

"Toka nje."

Nikatoka. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, na koti langu. Watoto wakaja kunitazama, wakachoka, wakaondoka. Nilingoja aniite. Kivuli kikanihama, nikakifuata upande wa pili. Ndipo Maganga akatoka.

"Dada anasema atasafiri na mtoto wake mpaka Dar es Salaam. Atapandia hapa."

"Anasema nini kingine?"

"Nimetumwa hayo."

"Kuhusu mimi?"

Maganga akakuna kichwa. Ni mtu mwema, alikuwa anatafuta neno la kunipa. "Shemeji," akasema, "wewe hukutajwa."

Nikarudi na garimoshi la jioni. Mbao sikutazama.

Sasa Gongoni nzima inajua kwamba kesho mimi ndiye ninayekupeleka. Nimetangaza mwenyewe. Nimeshona kanzu. Nimesema nitakukabidhi mkononi kwa mwenyekiti wa kamati na nitaikagua meza yao niwaambie kama ni meza. Muuza kahawa ameshanielekeza mahali pa kutazama bahari. Watanicheka, na wamenidai kicheko hicho siku nyingi.

Tiketi yangu iko ndani ya bahasha hii. Mpe mama yako. Sada atakusindikiza stesheni ya hapa, nimeshamwambia, naye alisema tu, "Ndiyo," halafu akaenda kukukaangia kuku wa njiani, wawili badala ya mmoja. Garimoshi Kigwa halisimami sana. Likianza kupunguza mwendo, simama mlangoni, umpokee mzigo, kwa ajili ya ule mgongo.

Akitaka kukuambia alichokuwa nacho siku ile, msikilize mpaka mwisho. Asipotaka, usimlazimishe kwa sababu ya majalada. Na ukitaka kuandika juu ya karatasi zile kwamba mtu mmoja alikuwa amekaa ukumbini wakati wa faragha, andika, na jina langu liandike kwa ukamilifu, nimelikunjia kwenye kikaratasi kidogo na dole gumba nimelitia wino ijapokuwa najua kusaini. Wakubwa wako wakikataa, basi. Mimi nimelitoa.

Sitakuja stesheni. Najijua. Nikifika pale nitapanda hatua moja kukuwekea sanduku, halafu nitakaa kidogo, halafu garimoshi litaondoka nami, na tutafika Kigwa nikiwa dirishani na kanzu mpya, na mama yako ataniona, na hatasema kitu mpaka Dar es Salaam.

Kwa hiyo kiti kile ni chake. Mimi nimetoka.

Baba yako,
Hamisi